Brokoli mbichi au iliyopikwa: ipi ina faida zaidi kwako?

Chukua kichwa kimoja cha brokoli, ukikate nusu kwa nusu. Nusu moja iache mbichi kwenye sahani. Nyingine itose kwenye sufuria ya maji yanayochemka, uisahau kwa dakika kumi. Ukirudi utaona kwamba iliyochemka imepoteza ule ukijani wake wa kuvutia, imekuwa na rangi ya jani linaloanza kukauka. Hilo kila mtu huliona. Wachache hutazama maji yaliyobaki sufuriani. Yamegeuka rangi, yana harufu nzito ya mboga, na ukiyaonja yana ladha kuliko ile brokoli yenyewe. Kisha tunayamwaga.

Naanza na maji hayo kwa sababu ubishi wa mbichi na iliyopikwa kwa kawaida huwekwa kana kwamba moto ndio mshtakiwa pekee. Nimepika mboga hii kwa miaka na kufuatilia yanayojulikana kuihusu, na naamini maji na muda vina makosa mengi kuliko moto. Ukilielewa hilo, kuchagua kunakuwa rahisi, maana "iliyopikwa" si kitu kimoja. Brokoli iliyopitiwa na mvuke dakika tatu iko karibu zaidi na mbichi kuliko na ile iliyochemshwa dakika kumi.

Namba, ubavu kwa ubavu

Hizi ni za hifadhidata ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa gramu 100. Safu ya pili ni brokoli iliyochemshwa na kuchujwa maji, bila chumvi.

| Kirutubisho | Mbichi | Iliyochemshwa |
|---|---|---|
| Nishati (kilokalori) | 34 | 35 |
| Vitamini C (miligramu) | 89 | 65 |
| Vitamini K (mikrogramu) | 102 | 141 |
| Nyuzinyuzi (gramu) | 2.6 | 3.3 |
| Protini (gramu) | 2.8 | 2.4 |
| Potasiamu (miligramu) | 316 | 293 |
| Kalsiamu (miligramu) | 47 | 40 |

Msomaji makini atauliza: nyuzinyuzi zimeongezekaje wakati sufuria haiwezi kuziumba? Haikuziumba. Vitu vinavyoyeyuka, kama sukari na baadhi ya madini, vimetoka na maji, basi katika gramu 100 zilizobaki sehemu ya visivyoyeyuka imekuwa kubwa zaidi. Isitoshe, vichwa vilivyopimwa vibichi si vilevile vilivyopimwa vikiwa vimepikwa. Kwa hiyo tofauti ndogondogo za jedwali hili usizipiganie. Ya kuzingatia ni vitamini C, iliyopungua kwa zaidi ya robo.

Kuna jambo lingine ambalo jedwali halisemi, nalo kwangu lina uzito kuliko yote yaliyomo. Hakuna anayekula gramu 100 kwa gramu 100. Brokoli mbichi ni ngumu, inachosha taya, na wengi wakishatafuna vishada vitatu au vinne wanaweka uma chini. Tuseme ni gramu 40. Iliyopikwa inalainika, na mtu anamaliza gramu 150 bila kujishurutisha. Piga hesabu: gramu 40 za mbichi zinakupa miligramu 36 hivi za vitamini C, wakati gramu 150 za iliyochemshwa zinakupa karibu 97. Iliyochemshwa, yaani njia inayolaumiwa kuliko zote, imempita mbichi mbali. Shirika la Afya Duniani na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, hupendekeza miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima. Basi kama ni vitamini C tu inayokutia wasiwasi, swali la kwanza la kujiuliza ni utakula kiasi gani.

Vitamini C na wenzake wanaoyeyuka

Kwa kipimo sawa, mbichi inashinda hapa bila ubishi. Vitamini C huyeyuka majini na pia huharibiwa na joto pamoja na hewa. Folati, moja ya vitamini B, nayo ni ya kundi hilohilo. Kadiri unavyokata vipande vidogo, ukatia maji mengi na kuchemsha muda mrefu, ndivyo unavyozidisha hasara.

Mvuke hauna kasoro hiyo, kwa kuwa brokoli haigusi maji. Mwaka 2009 watafiti wa Zhejiang, Uchina, walipika brokoli kwa njia mbalimbali wakakuta kwamba njia zote zilipunguza vitamini C kwa kiasi cha kuonekana, isipokuwa mvuke. Nami kwa jikoni kwangu sihitaji maabara kuamini: maji yaliyobaki chini ya chujio la mvuke ni karibu meupe, na yale ya kuchemsha nimekwisha kuyaeleza.

Kama unapenda kuchemsha, basi maji hayo yageuze supu au mchuzi. Sehemu ya vitamini C itakuwa imeharibika, ila potasiamu na madini mengine yapo palepale, hayaungui.

Sulforafani, mahali ambapo uchaguzi una maana hasa

Hapa nitakaa kidogo, maana vitamini C unaweza kuipata kwenye chungwa, lakini hiki ndicho kinachoitofautisha brokoli na mboga nyingi.

Mwaka 1992 Paul Talalay na wenzake katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walitenga kutoka kwenye brokoli kiini kiitwacho sulforafani. Kinachokifanya kiwe cha pekee ni kwamba kinaamsha vimeng'enya vya mwili, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali, ambavyo kazi yake ni kuzimua sumu na kuzisaidia zitoke. Tangu hapo kimechunguzwa sana. Niseme waziwazi, kwa sababu watu wanadanganywa: hili haliifanyi brokoli kuwa dawa ya saratani, na mgonjwa asiache matibabu yake kwa ajili ya mboga. Ni chakula chenye kitu cha thamani ndani yake, na ni vizuri kutokitupa.

Sasa, ajabu ni kwamba brokoli nzima, iliyokaa tu, karibu haina sulforafani. Ina malighafi yake, glukorafanini, iliyowekwa upande mmoja, na kimeng'enya kiitwacho mirosinasi kilichowekwa upande mwingine. Ni kama kiberiti na njiti zake zilizohifadhiwa vyumba tofauti. Mdudu akitafuna jani, kuta za seli zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, na ndani ya dakika chache sulforafani inatengenezwa. Kwa mmea hiyo ni silaha. Ule ukali kidogo unaouhisi puani ukitafuna brokoli mbichi ni wa sulforafani na jamaa zake wenye salfa, wakati huo ukiwa wewe ndiye mdudu.

Moto unaingiaje? Mirosinasi huharibika joto likifika kiasi cha nyuzi 70 za Selsiasi. Glukorafanini yenyewe ni stahimilivu zaidi, lakini ikibaki bila kimeng'enya chake haina wa kuibadilisha. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi waliwapa wanaume wanane gramu 200 za brokoli, mara mbichi, mara iliyopikwa. Kutoka kwa mbichi, mwili ulipata asilimia 37 ya sulforafani. Kutoka kwa iliyopikwa, asilimia 3.4 tu. Mbichi ilifika kileleni mwilini baada ya saa moja na nusu hivi, iliyopikwa baada ya saa sita, kwa kuwa ilibidi isubiri bakteria wa utumbo mpana wafanye kazi ambayo kimeng'enya kingeifanya mdomoni. Bakteria hao wanatofautiana kati ya mtu na mtu, basi mmoja atafaidi zaidi ya mwenzake kutoka sahani moja.

Ukiishia hapo utasema mbichi imeshinda, tufunge mjadala. Lakini subiri. Ndani ya brokoli mbichi kuna protini nyingine ambayo hupotosha kazi: inaipeleka glukorafanini kwenye kitu kingine kisicho na nguvu ya sulforafani. Protini hiyo ni dhaifu kuliko mirosinasi. Kwenye nyuzi 60 hivi inazimika wakati mirosinasi bado iko hai. Kati ya 60 na 70 kuna mlango mwembamba ambapo brokoli iliyopashwa kidogo inaweza kutoa sulforafani nyingi kuliko mbichi kabisa. Mvuke mwepesi wa dakika moja hadi tatu, vishada vikibaki na ukakamavu, ndio unaokaribia mlango huo.

Kuna njia mbili za kuwasaidia wanaopenda brokoli iliyoiva zaidi ya hapo.

Ya kwanza ni kukata mapema. Ikate vipande vidogo, iache juu ya ubao kabla haijaona moto. Kisu kinafanya kazi ya meno: kiberiti na njiti vinakutana kabla ya kupika. Watafiti wa Uchina mwaka 2018 waliikata brokoli vipande vidogo sana, wakaiacha saa moja na nusu, kisha wakaikaanga haraka. Ilikuwa na sulforafani mara 2.8 ya ile iliyokaangwa mara tu baada ya kukatwa. Kusubiri nusu saa nako kunasaidia. Mimi huikata kwanza kabla ya kushika kitu kingine chochote jikoni, na hadi niwe nimemenya vitunguu na kuandaa vilivyobaki, nusu saa imeshapita yenyewe.

Ya pili ni haradali. Mbegu za haradali zina mirosinasi yake, tena inayovumilia joto zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha mwaka 2013 kwamba unga wa mbegu za haradali ukinyunyizwa kwenye brokoli iliyokwisha kupikwa, sulforafani huongezeka sana. Nyunyiza ukishaepua, usiipike pamoja. Vipande vya figili mbichi au kabichi mbichi pembeni ya sahani navyo vina kimeng'enya cha aina hiyo.

Hili la haradali lina umuhimu wa pekee kwa wanaonunua brokoli iliyogandishwa. Kabla ya kugandishwa, brokoli hupitishwa kwenye maji moto au mvuke ili vimeng'enya vinavyoharibu rangi na ladha vife. Mirosinasi inakufa nao. Hata ukiila bila kuipika tena, kwa upande wa sulforafani si mbichi. Vitamini C, nyuzinyuzi na vitamini K bado ziko za kutosha, hivyo usiidharau. Ipe tu haradali yake.

Na kama lengo lako kuu ni sulforafani, fahamu kwamba kichwa kilichokomaa si chanzo kikubwa kuliko vyote. Mwaka 1997 timu ileile ya Talalay ilionyesha kwamba machipukizi ya brokoli ya siku tatu yana malighafi hiyo mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa, kwa uzito uleule. Machipukizi huliwa mabichi, ila usafi wake ni suala zito: unyevu na joto vinavyoyaotesha vinaotesha pia bakteria. Wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu wayaepuke yakiwa mabichi.

Pale ambapo iliyopikwa inastahili nafasi ya kwanza

Brokoli ina luteini na betakarotini, viini vyenye faida kwa macho na ngozi, ambavyo havihofii maji. Vimefungwa ndani ya kuta ngumu za seli, na huhitaji mafuta ili vipenye utumboni. Kupika kunalegeza kuta, na kijiko cha mafuta kinamalizia. Anayekula brokoli mbichi kavu, bila mafuta ya aina yoyote, anaviacha vingi vipite tu. Vitamini K pia ni ya mafuta, kwa hiyo kijiko hicho kinaihudumia nayo.

Jambo la pili ni asidi za nyongo. Mwili hutengeneza asidi hizo kutoka kwenye kolesteroli, na chakula kinachozinasa na kutoka nazo kinaulazimu mwili kutumia kolesteroli zaidi kutengeneza nyingine. Katika majaribio ya maabara yaliyochapishwa na wataalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 2008, brokoli iliyopikwa kwa mvuke ilinasa asidi za nyongo vizuri kuliko mbichi.

La tatu ni tumbo, na kwa wengi hili ndilo linaloamua. Brokoli ina rafinosi, sukari ambayo utumbo mwembamba wa binadamu hauwezi kuivunja. Inafika kwa bakteria wa utumbo mpana, wanaisherehekea kwa gesi. Pamoja na nyuzinyuzi ngumu za mbichi, matokeo ni tumbo kujaa na kuuma. Kupika hakuondoi yote, lakini kunapunguza. Kama kila ukila mbichi unalala ukishika tumbo, huna sababu ya kujitesa kwa ajili ya asilimia fulani ya vitamini.

Kama ni kupika, kwa njia ipi?

Mvuke, kwa maoni yangu, unaziacha njia nyingine nyuma. Sufuria yenye maji kina cha vidole viwili, chujio juu yake, kifuniko kinachobana. Simama hapo utazame: ndani ya dakika ya kwanza rangi inawaka, inakuwa kijani kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa sababu hewa iliyojificha kati ya seli imetoka. Uma ukiingia kwenye shina kwa kusukumwa kidogo, epua. Ukizidisha kufika dakika saba na kuendelea, asidi za mboga yenyewe huiondoa magnesiamu kwenye klorofili, rangi ya kijani ya mimea, na ule ukijani unafifia kuwa kahawia. Wakati huohuo harufu ya salfa, ile inayofanana na yai viza, inaanza kujaa nyumba. Watu wengi wanaosema hawapendi brokoli, nadhani walikutanishwa na hiyo.

Maikrowevu ina sifa mbaya isiyo yake. Utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 ulikuta imepoteza asilimia 97 ya flavonoidi, viini vya mimea vinavyolinda seli, wakati mvuke ulipoteza 11 tu, na namba hiyo ikazunguka dunia. Kinachosahaulika ni kwamba maji mengi yalitumika. Weka vishada kwenye bakuli na vijiko viwili vya maji, funika, dakika mbili au tatu. Hapo unapika kwa mvuke, tofauti ni mashine tu.

Kukaanga haraka kwa mafuta kidogo ni njia nzuri ikiwa umeikata mapema. Oveni inaleta utamu na kingo zilizoungua kidogo, na inamfanya mtoto aombe tena, ila joto lake kali na muda wake mrefu vinakula vitamini C na mirosinasi yote. Kuchemsha ni chaguo la mwisho, labda kwa supu.

Usitie magadi ili kulinda rangi. Rangi itabaki, lakini vitamini C na vitamini B1 haziyavumilii, na mboga inakuwa tepetepe.

Wenye hali maalumu

Anayetumia warfarini kuzuia damu isigande anapaswa kujua kwamba vitamini K inapingana na dawa hiyo, na mbichi wala iliyopikwa haimwepushi. Muhimu kwake ni kiasi kisichobadilikabadilika wiki hadi wiki, na daktari wake ajue.

Wenye matatizo ya tezi ya thairoidi huogopeshwa sana kuhusu brokoli mbichi, kwa kuwa mboga za jamii ya kabichi zina viini vinavyoweza kuzuia tezi kutumia madini joto. Kwa mtu anayepata madini joto ya kutosha, kiasi cha kawaida cha chakula hakina shida. Kupika kunapunguza viini hivyo zaidi, basi mwenye wasiwasi apike.

Mtoto mdogo anayeanza kula, na mzee ambaye meno yamepungua, wapewe ya mvuke iliyolainika. Kipande kigumu cha mbichi kinaweza kumkaba mtoto.

Na wewe unayekula mbichi, osha kwa uangalifu. Vile vichanuo vidogo vimebanana, na viwavi wa kijani hujificha humo wasionekane. Loweka kichwa kikitazama chini kwenye maji ya chumvi kwa dakika kadhaa, kisha suuza kwa maji yanayotiririka. Nunua kichwa kilichobana, kisicho na manjano, ukiweke penye baridi na ukile ndani ya siku chache. Brokoli huendelea kupumua kwa kasi baada ya kuvunwa, na ile iliyokaa wiki nzima mahali penye joto imeshapoteza vitamini C kabla hujaamua upike au usipike.

Nyumbani kwangu

Siku nyingi ni mvuke, dakika tatu, baada ya kuikata na kuiacha. Nikishaepua natia mafuta ya zeituni, matone ya limau na unga kidogo wa haradali. Siku ya saladi naila mbichi, vishada vimekatwa vidogo kama punje na kuchanganywa na mafuta saa moja kabla ya kula. Vikikaa hivyo vinalainika na ukali unatulia.

Shina silitupi. Menya ganda lake la nje kwa kisu hadi uone sehemu ya ndani iliyo nyeupe yenye ukijani kwa mbali, kisha ukate slesi nyembamba. Ni tamu, ina maji, haina ule uchungu wa vishada. Hiyo ndiyo ninayoitafuna ikiwa mbichi, nimesimama kando ya jiko, nikisubiri dakika tatu za sufuria ziishe.